Siku ya Gulio Mkata

Mkata unaosimuliwa hapa si ule wa mbuga za Kilosa, bali ni mji mdogo wa Wilaya ya Handeni, katika Mkoa wa Tanga. Umekaa kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, mahali inapoachana na njia ya magharibi iendayo mjini Handeni, mwendo wa kilomita 54. Msafiri wa basi huuona kwa dakika chache tu: meza za machungwa, moshi wa nyama, na wachuuzi wanaokimbilia madirishani na bidhaa zao vichwani. Akiisha kupita, husahau. Walakini kwa watu wa vijiji vilivyo nyuma ya barabara hiyo, mji wa namna hii ni mahali pa gulio, na siku ya gulio katika nchi ya Uzigua ina historia ndefu kuliko lami, kuliko wilaya, na kuliko jina la Tanganyika lenyewe.

Neno gulio lastahili kutazamwa kabla ya jambo lenyewe. Katika Kizigua na lugha zilizo jamaa zake, kugula ni kununua. Gulio, basi, ni mahali pa kununulia. Mzizi huu ni wa kale sana, maana umeenea katika lugha nyingi za Kibantu, toka Kiganda huko kaskazini mpaka Kinyanja huko kusini, ingawa Kiswahili cha pwani kimeuacha na kushika kununua. Soko ni neno lililoingia kutoka Kiarabu, na mnada vilevile, ambao asili yake ni mwito wa mwenye kunadi. Upande wa Udigo lipo neno jingine, chete. Watu wengi huyatumia maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja, lakini tofauti zake zina maana. Soko lina jengo, nalo hufunguliwa kila siku. Mnada una mwenye kunadi, na siku hizi hutajwa zaidi kwa biashara ya ng'ombe. Gulio lina siku yake. Ukuta na paa havilifanyi gulio kuwa gulio. Linalolifanya ni ahadi ya watu wengi ya kukutana siku moja, mahali pamoja, kwa amani.

Siku hiyo huanza kabla ya mapambazuko. Wa kwanza kutoka nyumbani ni wale walio mbali: mwanamke mwenye vyungu vilivyofungwa kwa majani makavu ili visigongane, kijana mwenye baiskeli iliyolemewa na mkaa au ndizi, mzee na mbuzi wake wawili wasiotaka kuongozwa. Siku hizi pikipiki zimeipunguza safari ya saa nne kuwa ya nusu saa, lakini hazikuibadili saa ya kuondoka, kwa sababu anayefika mapema huchagua mahali pa kukaa. Jua likichomoza uwanja umekwisha kugawanyika, bila ya mtu kuugawa. Nafaka zina upande wake, mboga upande wake, nguo upande wake, mifugo nje kabisa. Hapana bango wala kamba, na mgeni anayetandika mkeka wake pasipo pake huambiwa kwa upole, "Ndugu, hapa ni pa wenye kunde."

Upande wa kazi za mikono ndiko historia inakoonekana waziwazi. Ufinyanzi katika nchi hizi umekuwa kazi ya wanawake, nayo hurithiwa kwa mama au kwa shangazi. Mnunuzi ajuaye chungu hakitazami rangi. Hukigonga kwa kidole kilichokunjwa na kusikiliza mlio wake, maana chungu chenye ufa husema kweli hata kama mwenye kukiuza amenyamaza. Karibu na vyungu huwekwa mikeka ya ukindu, nyungo, vikapu, vinu na michi, miko na mbuzi za kukunia nazi. Mhunzi huja na mapanga, mundu na majembe. Zamani majembe ya chuma yalitoka Upare, ambako watu walijua kuyeyusha mchanga wenye chuma tangu kale. Leo mhunzi hutafuta springi za malori yaliyochakaa, akazipiga nyundo mpaka zikawa mundu. Jirani yake hukata matairi mabovu akatengeneza katambuga, viatu vipendwavyo na Wamasai kwa kuwa miiba haivipenyi. Hivyo barabara kuu, ambayo wengine husema imeua ufundi wa kienyeji, kwa mafundi hawa imekuwa machimbo ya chuma na mpira.

Vyakula huliwa papo hapo na kuchukuliwa nyumbani. Vitumbua hukaangwa, muhogo huchomwa, mahindi mabichi hugeuzwa juu ya makaa, na ugali hupikwa katika sufuria zinazotosha watu thelathini, pamoja na kisamvu cha nazi au nyama ya mbuzi. Papa wa chumvi na dagaa hutoka pwani, na harufu yake hufika kabla yao. Machungwa, ambayo yameipa jina lake Michungwani iliyo mbele kidogo kwenye njia ya Segera, hurundikwa kama vilima. Vinywaji navyo vina daraja zake. Muuza kahawa hupita na dele lake, akivigonganisha vikombe vidogo viwili ili ajulikane. Mwenye togwa hukaa na mtungi wake na kata. Mmasai huleta maziwa mgando. Pombe ya mahindi au ya miwa haikosekani, bali hukaa pembeni, nyuma ya miti, kwa kuwa Uislamu umeshika mizizi katika Uzigua na wanywaji wenyewe huona haya kupita mbele ya wakwe zao. Mpangilio huu wa vinywaji huonyesha heshima za mji mzima: kikombe cha kahawa hunywewa hadharani, kata ya pombe hunywewa kwa siri ambayo kila mtu anaijua.

Wahenga walisema biashara haigombi. Si kwamba wafanyabiashara hawakasiriki. Maana yake ni kwamba mahali pa biashara pana sharti lake. Mkulima na mfugaji ambao juzi waligombana kwa sababu ya ng'ombe walioingia shambani, siku ya gulio husimama karibu karibu, mmoja akiuza mahindi na mwingine akiyanunua. Ugomvi wao haukwisha, umeahirishwa. Katika wilaya ambayo wafugaji wamezidi kuingia mwaka hata mwaka, na ambayo tangu Juni 2022 imepokea katika kijiji cha Msomera jamaa waliohamishwa kutoka Ngorongoro, huko kuahirisha si jambo dogo.

Ili kufahamu kwa nini sharti hili limeshikwa kwa nguvu namna hii, yafaa kuitazama nchi yenyewe. Uzigua umekaa baina ya mto Pangani kaskazini na mto Wami kusini, na baina ya pwani na milima ya Nguu. Udongo wake si mbaya, lakini mvua zake hazina uaminifu. Mwaka mmoja ghala hufurika, mwaka unaofuata mtama hukauka ukiwa bado mchanga. Watu wa milimani, Wasambaa na Wanguu, hupata mvua za namna nyingine. Watu wa pwani wana samaki, chumvi na nazi. Kwa hiyo mahali pa kubadilishana vitu palikuwa haja ya lazima tangu zamani. Mtama, mifugo na pembe za ndovu ziliteremka hadi Pangani na Saadani. Merikani na kaniki, shanga, chumvi, baruti na bunduki zikapanda bara. Mahali zilipokutana njia hizo ndipo palipokuwa na magulio. Yalikuwa, kwa maneno mengine, ghala la pamoja lisilo na kuta: aliyekosa nafaka kwake aliweza kuipata kwa mwingine, maadamu alikuwa na chungu, mkeka, mbuzi au nguvu za mikono yake.

Lakini ghala hilo halikutosha siku zote. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga nchi ya Uzigua. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula, na walipokwisha kutoa walivyokuwa navyo, walianza kutoa watu. Husimuliwa kwamba wengine waliwekwa rehani ili jamaa zao wapate nafaka, wengine waliuzwa, na wengine walidanganywa kuwa wanapelekwa mahali penye chakula na kazi. Majahazi yaliwachukua mpaka pwani ya Barawa, katika nchi inayoitwa leo Somalia, wakafanywa watumwa wa mashamba katika bonde la mto Shabelle. Hapa pana neno moja la kutisha kwa mwenye kuichunguza lugha: kitenzi kile kile cha kununua, kilichomhusu mtama na chungu, kilimgeukia mtu.

Habari zao hazikuishia hapo. Masimulizi ya wazao wao yanamtaja mwanamke aitwaye Wanankhucha, aliyewaongoza watu wake kutoroka utumwani, wakikusudia kurudi kwao kusini. Hawakufika. Walikaa katika misitu ya bonde la mto Juba, wakalima, wakajilinda, na wakaendelea kusema Kizigua. Wengine wakawaita Wagosha, yaani watu wa msituni. Na lugha yao ikaitwa Mushunguli, jina ambalo ndani yake sikio lolote laweza kumsikia Mzigula.

Nchi waliyoiacha nayo ilijifunza kutokana na msiba ule. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake juu ya Handeni kilichotoka mwaka 1992, ameeleza jinsi wakuu wa Uzigua wa karne ya 19 walivyotumia mali ya biashara na nafaka za ushuru kuwakusanya watu na kuwalisha wakati wa ukame. Hawakuwa watakatifu, wengi wao waliuza watumwa. Hata hivyo mkuu aliyeshindwa kulisha watu wake alikimbiwa nao, na hofu hiyo ilimfanya aweke akiba. Wahenga hawakukosea waliposema akiba haiozi.

Utaratibu huu ulivunjwa kwa muda mfupi. Kutoka 1888 hadi 1890 palikuwa na vita vya pwani, ambavyo Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani waliwapinga Wadachi. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mwaka 1891 sotoka iliwaua ng'ombe. Njaa ikashika 1894 hadi 1896, na tena mwishoni mwa karne. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta mbegu za mkonge, ambazo miche 62 tu ilisalimika, na kutokana na hiyo yakaja mashamba makubwa yaliyomeza mikono ya vijana. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba. Mkulima aliyekuwa akiuza nafaka iliyozidi sasa alilazimika kuuza hata isiyozidi, kwa sababu kodi haikuuliza habari za mvua. Reli ya Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, mzigo ulipata njia ya upesi ya kutoka. Ile akiba ya wakuu, kwa kuwa walikuwa wamenyang'anywa ushuru na madaraka yao, haikupata wa kuijaza. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Waingereza yalipita Handeni mwaka 1916 yakielekea kusini, na majeshi ya pande zote mbili yalichukua vyakula na wapagazi. Njaa ikafuata nyayo zao.

Waingereza waliyakuta magulio yako hai, wakayaandika, wakayapa makarani na risiti. Nia yao haikuwa mbaya yote: mizani iliyopimwa humlinda mnyonge. Lakini serikali inayoliona gulio kama mahali pa kukusanyia ushuru husahau upesi kwamba watu wana haja nalo kwa jambo jingine. Ilipokuja njaa ya 1932 hadi 1935, miaka ambayo bei za mazao zilikuwa zimeanguka ulimwenguni kote, ndipo ilipoonekana kwamba daftari la ushuru halimpi mtu chakula.

Baada ya Uhuru wa 1961 matumaini yalikuwa makubwa. Mwaka 1963 reli iliyopita Handeni mashariki, kutoka Ruvu mpaka Mnyusi, iliunganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati. Kuanzia 1973 hadi 1976 wananchi wa vijijini walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, na hapana shaka kwamba shule na zahanati ziliwafikia wengi ambao hawakuwa nazo. Ila gulio lilipata shida. Nafaka iliwekwa chini ya mnunuzi mmoja, Shirika la Taifa la Usagishaji, na vizuizi vikawekwa njiani kukagua mizigo. Mwanamke aliyezoea kubeba debe moja la mahindi kwenda kwa dada yake, akarudi na kunde, alijikuta akieleza safari yake mbele ya mlinzi wa kizuizi kana kwamba ni mlanguzi. Biashara haikufa; iliingia gizani, ikahamia usiku na njia za porini, ambako hakuna bei ya wazi wala shahidi wa kipimo. Mwaka 1984 serikali iliruhusu mtu kusafirisha hadi kilo 500 bila kibali, na mwaka 1987 kikomo hicho nacho kikaondolewa. Mji wa njia panda kama Mkata uliyaona mabadiliko hayo mapema: malori yaliyokuwa yakipita yalianza kusimama.

Malori hayo yalileta wanunuzi kutoka miji mikubwa, na wanunuzi walileta lumbesa. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kilemba juu, nalo huhesabiwa kuwa gunia moja. Sheria ya Vipimo inaikataza, lakini mkulima mwenye haja ya ada ya shule hana nguvu ya kuisoma sheria mbele ya mtu mwenye fedha taslimu na lori linalonguruma. Machungwa nayo yanaponunuliwa kwa tenga, ukubwa wa tenga humtegemea mwenye kununua. Hapa ndipo gulio linapopata kazi yake ya zamani. Mkulima anayeuza shambani kwake huuza peke yake. Mkulima anayeuza gulioni huuza mbele ya watu. Mwenye kibaba kidogo hujulikana, na sifa yake hufika gulio la pili kabla yake. Kina mama wa upande wa nafaka, wanaopima kwa kopo na kuongeza konzi moja ya nyongeza, wanatunza sheria ambayo haikuandikwa, nayo ni kwamba kipimo lazima kionekane na macho mengi.

Kuna jambo moja la siku za karibu ambalo huyakamilisha masimulizi haya. Vita vya Somalia vilipozidi mwaka 1991, watu wa bonde la Juba walikuwa miongoni mwa walioumizwa zaidi, kwa kuwa hawakuwa na ukoo mkubwa wa kuwatetea na walikuwa na ghala zenye chakula. Wengi walikimbilia Kenya, na kutoka huko zaidi ya 12,000 walipelekwa Marekani kuanzia 2003. Lakini wengine, wapatao 3,000, walifika Tanzania. Wakawekwa katika kambi ya Mkuyu, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, yote mawili katika Handeni. Wenyeji walipowasikia wakisema, waliyafahamu maneno yao. Yalikuwa Kizigua, chenye lafudhi ya kigeni na maneno mengine yaliyosahauliwa na wajukuu wa wale waliobaki. Serikali ya Tanzania ilikubali kuwapa uraia. Hivyo safari iliyokatizwa katika siku za Wanankhucha ilifika mwisho wake baada ya zaidi ya miaka 150, na mtu ambaye babu zake walitoka nchini humu wakiwa bidhaa alirudi, akasimama gulioni akiwa muuzaji, na mbele yake mihogo ya shamba lake mwenyewe.

Wako wanaoliona gulio kuwa fujo ya kuondolewa kando ya barabara, ili mahali pake pajengwe soko la kisasa lenye vizimba na milango ya chuma. Jengo si kitu kibaya. Mvua hainyeshi kwa kuchagua. Lakini mwenye chungu kimoja hawezi kukodi kizimba, na mwenye debe moja la kunde hana haja nacho ila siku moja katika juma. Wakiondolewa hao, litabaki soko la wenye mitaji, nao wenye chungu kimoja watarudi kuuza peke yao shambani, mbele ya lori. Historia ya Uzigua inaonyesha kwamba mnyonge aliyekosa mahali pa wazi pa kuuza kazi ya mikono yake, hatimaye alitafutwa kwa bei ya mwili wake.

Jioni gulio huvunjika kama lilivyokusanyika, bila ya amri. Nyama iliyobaki huuzwa kwa bei ya kutupa. Vyungu ambavyo havikununuliwa hufungwa tena kwa majani. Muuza kahawa humwaga masimbi na kuhesabu sarafu. Mwanamke aliyekuja na vyungu vinne hurudi na kimoja, na katika kibindo chake mna fedha ya sabuni, chumvi na daftari la mtoto, na juu ya kichwa chake mna debe la mahindi aliyoyapima yeye mwenyewe, mbele ya watu.